Kuulizwa Mara ya Pili

Mama mwenye mtoto anayesaini karatasi za serikali, kaa kidogo usikilize habari ya Léocadie wa Tottenham, mama yake Miradie. Si habari ya mtu mbaya. Ingekuwa ya mtu mbaya ingekuwa rahisi kuisimulia, na wewe ungeisikiliza ukijua haikuhusu.

Léocadie alifika London miaka kumi na minane iliyopita akitokea Fizi, Kongo, mkono mmoja kashika mfuko, mkono wa pili kamshika Miradie, aliyekuwa na miaka minane. Shule yake Léocadie ilikuwa ya msingi, basi. Ofisi ya uhamiaji ilimwita ikamwuliza: wale watu wenye bunduki walipoingia kwenu, ulikuwa unafanya nini? Akajibu, nilikuwa natwanga sombe. Baada ya miezi mitano akaitwa tena. Ofisa mwingine, mkalimani mwingine, swali lile lile. Akajibu, nilikuwa napika sombe.

Barua ilipokuja ilisema hakuaminika. Kutwanga na kupika si kitu kimoja, iliandikwa, na mtu aliyepatwa na jambo kubwa namna hiyo hawezi kusahau mikono yake ilikuwa inafanya nini. Kwamba sombe ni majani ya muhogo, yanatwangwa asubuhi na yanakaa motoni mpaka mchana uishe, na kwamba mwanamke anayefanya la kwanza ndiye huyo huyo anayefanya la pili, hapakuwa na wa kumweleza aliyeandika barua. Miaka minne Léocadie alikwenda kila wiki kutia sahihi kwenye dirisha la kioo, Miradie akimngoja kwenye kiti cha plastiki na daftari la shule juu ya magoti, mpaka jaji wa rufaa akasoma faili lote toka mwanzo na kusema mama huyu anasema kweli.

Kwa jaji yule mtu mwingine angejifunza kwamba kosa husahihishwa. Léocadie alijifunza jambo jingine. Alijifunza kwamba ulichokisema mara ya kwanza mbele ya serikali unakishikilia hivyo hivyo, hata ukikumbuka vizuri zaidi baadaye, hata ukiota usiku ukaona ulivyokuwa. Umesema unatwanga, basi ulikuwa unatwanga mpaka kiama.

Na alilifundisha somo hilo. Kila Jumamosi, kwaya ikimaliza mazoezi, wageni waliotoka Uvira, Goma, Bunia, walimfuata nyuma ya kanisa, kwenye chumba cha viti vilivyovunjika. Aliwauliza maswali kwa sauti ya ofisa, kavu, bila kuinua macho. Aliyejikanganya alirudishwa mwanzo. Watu wakamwita Metre, kama wanavyoitwa mawakili kule Kongo, nusu utani nusu heshima. Wengi walipata karatasi, hilo lazima lisemwe.

Miradie akasoma, akamaliza chuo kikuu, jiografia, akapata kazi katika ofisi ya washauri hapo katikati ya mji. Kazi yake mama yake hakuielewa kwa muda mrefu. Alijua tu kwamba mtoto anatazama picha za ardhi kwenye kompyuta na kuandika taarifa, na kwamba Jumanne anafanyia kazi nyumbani, mezani jikoni. Alijua pia kwamba mwezi wa nne Miradie alikuwa amepeleka maombi ya uraia, na majibu yalikuwa bado. Hilo la uraia Léocadie aliliwaza akiamka, akaliwaza kwenye basi, akaliwaza akiwavisha soksi wazee aliokuwa akiwahudumia majumbani.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa tano alirudi kazini saa kumi na moja, akavua viatu, akaweka miguu kwenye beseni. Miradie akamwita bila kugeuka.

"Mama, njoo uone kitu."

"Miguu iko kwenye maji."

"Njoo na maji yako."

Léocadie akaja, akiacha nyayo kwenye sakafu. Kwenye kioo palikuwa na ardhi nyekundu, tambarare, na vichaka kama vipele.

"Hii Fizi?"

"Australia. Hii ni ardhi waliyotengewa Waaborijini, wenyeji wa kwanza wa kule. Ni yao. Kampuni ya madini inataka kupitisha barabara. Lakini kwenye ardhi hii hakuna wa kuingiza hata koleo mpaka serikali iruhusu. Ndiyo kazi yetu. Serikali inauliza, hapa mnapotaka kuchimba palishatifuliwa zamani au bado? Kama palishatifuliwa, na barabara za zamani au nini, wanaruhusu haraka. Kama bado, wenyeji lazima wapite kwanza kwa miguu, waonyeshe pa kugusa na pa kuacha."

"Na weye ndiye unayejibu."

"Kwa kipande hiki, ndiyo, mimi." Akaweka kidole kwenye mistari minne myeupe iliyokuwa ikienda sambamba. "Januari niliandika hapa palishatifuliwa. Niliona hii mistari nikasema ni njia za magari. Sasa leo nikatafuta picha nyingine, kwa sababu tu nilikuwa na dakika kumi. Hii hapa. Imepigwa jua likiwa chini."

Akabonyeza. Ardhi ikawa ile ile, lakini mistari ilikuwa imekatika vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na mkia mweusi umelala upande mmoja.

"Njia ya gari haina kivuli, mama. Haya ni mawe. Mtu ameyapanga. Tazama, yanakwenda, yanakwenda, halafu yanazunguka hapa kama watu wamekaa."

Léocadie alitazama. Hata yeye aliona. Mawe yalikuwa yamepangwa kama unavyopanga mafiga, jiwe na mwenzake, hakuna lililokuwa limeanguka tu.

"Nani aliyapanga?"

"Wenyewe. Bibi zao. Sijui lini, labda zamani sana."

"Na weye uliandika ni njia ya gari."

"Niliandika."

"Nani mwingine ameona hii picha?"

"Hakuna. Mimi tu."

Léocadie akarudi kwenye beseni lake. Maji yalikuwa yamepoa. Alifikiri mambo yameishia hapo, kumbe bado. Miradie alisema kwamba kuna ofisa wa serikali ya kule, jina lake Ravinder, amewaandikia wote waliotoa taarifa. Kabla ya mashine kuingia, kila mmoja athibitishe au arekebishe alichoandika. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana ya London. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Nathibitisha. Narekebisha.

"Ngoja," alisema Léocadie. "Wanakuuliza tena swali ulilokwisha kujibu?"

"Ndiyo."

"Neno kwa neno?"

"Karibu."

Léocadie akatoa miguu kwenye maji, akasahau kuifuta. "Sombe," alisema.

"Mama, si vile."

"Si vile namna gani? Hata mimi niliambiwa ni kawaida tu, mama, tunahakikisha tu. Alikuwa na sura nzuri yule ofisa. Alinipa maji."

"Hawa wanauliza ili mtu arekebishe."

"Wanauliza ili wakunase. Ukijibu vingine leo, wanaweka karatasi mbili pamoja, hii na hii, wanasema mwongo ni huyu. Na fomu yako ya uraia iko mezani kwao. Si kuna mahali imeandikwa tabia njema?"

"Hiyo ni serikali ya huku. Hii ni ya Australia."

"Australia mfalme wao nani?"

Miradie akarudisha macho kwenye kioo.

"Nakuuliza, mwanangu. Kwenye sarafu zao kuna sura ya nani?"

"Ni huyu huyu."

"Basi," alisema Léocadie. "Mfalme mmoja, faili moja."

Miradie alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Mama mwenzangu, mtoto akicheka hivyo ujue neno limekwisha kumwingia. Walikuwa wamekaa pamoja kwenye viti vile vya plastiki. Hofu ya mama alikuwa ameinyonya, hakuna aliyehitaji kumfundisha.

Jumatano Léocadie alipita dukani kwa Émilienne, rafiki yake wa siku nyingi, anayeuza mboga za fumbwa, samaki wakavu na mafuta ya mawese karibu na kituo cha basi. Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, kama anayenunua kitu kisichoruhusiwa. Émilienne alikuwa akipanga samaki, na hakuacha kupanga.

"Metre, lakini hii si uhamiaji. Hii ni kazi."

"Serikali ni serikali."

"Mtoto wangu anafanya kazi ya umeme. Akikosea waya anarudi kurekebisha. Asiporudi nyumba inaungua."

"Umeme hauna mahojiano."

"Weye, Metre," alisema Émilienne, na akatua samaki, "hata Petro angekuwa mteja wako mzuri. Alikana mara tatu na hakubadilisha neno hata moja. Angepata karatasi siku ile ile."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua ndizi akacheka mpaka akashika kaunta. Léocadie hakucheka. Alichukua mfuko wake wa fumbwa akatoka, na mpaka nyumbani alikuwa akimjibu Émilienne moyoni, kila jibu kali kuliko lililotangulia. Angerudi nyuma hatua ishirini angemsikia Émilienne akimwambia mteja, kwa huzuni kweli, kwamba yule mama uhamiaji ulimwachia karatasi lakini haukumwachia usingizi.

Alhamisi Miradie alikwenda ofisini, akamweleza mkuu wake, mama mmoja wa Kiingereza jina lake Bridget. Jioni alirudi na habari. Hakumwonyesha Bridget ile picha. Alimwambia tu ana wasiwasi na kile kipande.

"Akasema nini?" aliuliza Léocadie.

"Amesema taarifa ni yangu, niamue mimi. Nikirekebisha, mashine zitasimama wiki sita, wenyeji watapita kwa miguu, mteja atanung'unika, lakini ndiyo kazi yetu."

"Amesema mteja atanung'unika."

"Na amesema ndiyo kazi yetu, mama."

"Nimesikia. Amesema pia weye ndiye wa kuamua. Maana yake akiulizwa, atasema hakuamua yeye."

Hapo Léocadie hakukosea sana, na ndiyo shida ya mtu mwenye hofu yenye sababu. Anapatia vidogo vinne, halafu kile kikubwa anakikosea kwa nguvu zote.

"Mimi nataka kurekebisha," alisema Miradie. Alikuwa amesimama mlangoni bado na koti. "Yale mawe siwezi kuyatoa machoni. Ni kubonyeza tu. Kisha naambatanisha picha."

"Picha yenye tarehe?"

"Kila kitu kina tarehe."

"Vua koti ule," alisema Léocadie.

Ijumaa ilipofika, Léocadie alibadilishana zamu na mwenzake, jambo ambalo hakulifanya hata alipong'olewa jino. Aliamka mapema, akafagia, akapika maandazi. Miradie alikuwa ameomba kufanyia kazi nyumbani siku ile. Saa tano alikaa mezani, fomu wazi mbele yake, visanduku viwili, na kidole kwenye kipanya cha kompyuta. Léocadie akavuta kiti akakaa pembeni yake. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri lakini yote yalikuwa ya Metre, na mtoto alikuwa ameyasikia.

"Ile ardhi si yetu," alisema mwisho. "Hatukuichukua sisi. Hatuna katapila."

"Najua."

"Wale watu wana serikali yao, wana mawakili wao. Sisi tuko wawili."

"Mama, najua."

"Unakumbuka kile kiti?"

Miradie akaondoa kidole kwenye kipanya.

"Kile cha plastiki, cha rangi ya chungwa. Ulikuwa unalala pale kichwa kimeanguka. Siku moja uliniuliza wakitukatalia tutarudishwa Kongo lini, Jumatatu au Jumanne, kwa sababu Jumanne mlikuwa na safari ya shule. Miye sikukujibu kitu. Miaka minne, Miradie. Kwa neno moja nililolibadilisha. Na miye sikuwa nimedanganya." Sauti yake haikupanda. "Ukitaka kunirudisha kwenye kile kiti, bonyeza. Nitakwenda nikae. Nimezeeka sasa, lakini nitakaa."

Mwenye kuandika haya hajui silaha nyingine kubwa kuliko hiyo ambayo mama anayo. Ukiitoa, mtoto hana pa kukimbilia. Miradie alitazama ukutani, akatazama mikono ya mama yake yenye unga wa maandazi. Saa tano na dakika arobaini alibonyeza Nathibitisha. Kompyuta ikamshukuru. Léocadie alisimama, akamwekea chai na maandazi matatu, na Miradie akala moja kwa adabu.

Wiki zikapita bila neno. Léocadie alirudi kulala vizuri. Jumamosi mbili alimtaja binti yake kwa wale wageni wa nyuma ya kanisa, bila jina, kama mfano wa mtu aliyeulizwa mara ya pili na kusimama imara.

Halafu mwishoni mwa mwezi wa sita ikaja barua pepe nyingine. Barabara ilikuwa imepita. Bibi mmoja wa ile ardhi alikuwa amekwenda kule na wajukuu zake, safari ya siku nzima, kuwaonyesha mahali fulani. Alikuta udongo umesawazishwa na lundo la mawe kando, kama takataka za ujenzi. Serikali ikasimamisha kazi yote. Ikaitisha kikao, kwa kompyuta kwa sababu watu walikuwa mbali, na kila aliyehusika na taarifa ya kipande kile awepo, ajibu mwenyewe.

Kikao kilikuwa saa mbili asubuhi kwa London, kule jua likishuka. Miradie alivaa shati jeupe, akaweka kompyuta mezani jikoni. Léocadie alisimama karibu na jiko, mahali ambapo kamera haikufika. Aliweza kuona kila mtu na hakuna aliyeweza kumwona.

Kulikuwa na Bridget kwenye kisanduku chake, amebana midomo. Kulikuwa na Ravinder, mwanamume wa makamo mwenye kilemba cha bluu, na faili mbele yake. Na pembeni yake, kwenye meza ile ile, alikaa yule bibi. Nywele nyeupe, gauni la maua, mikono mikubwa imetulia mapajani. Alizungumza Kiingereza polepole, kwa kuchagua, kama mtu ambaye hakuzaliwa nacho, na kwa sababu hiyo Léocadie alimwelewa kuliko alivyowaelewa Waingereza aliowavisha soksi.

"Walisema palishatifuliwa," alisema yule bibi. "Nimeuliza nani alitifua. Miye nimezaliwa karibu na pale. Sikuona gari. Sikuona mtu na jembe. Nani aliona?"

"Mimi niliandika," alisema Miradie.

"Ulifika?"

"Hapana, bibi. Nilitazama picha."

Yule bibi alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira, kama anayepokea kipimo cha umbali. Kisha alisema kwamba mama yake alimpeleka pale mara mbili, akiwa msichana. Ilikuwa mahali pa wanawake. Yaliyofanyika pale asingeyasema kwenye kompyuta. Mawe walikuwa wameyaokota kwenye lundo, mengi bado mazima, na vijana walikuwa tayari kuyarudisha.

"Lakini hatujui lipi lilikaa wapi," alisema. "Waliojua wamekwisha kufa. Miye nilikuwa mtoto, nilikuwa nafuata miguu ya mama yangu. Sikuhesabu mawe." Akageuka kwa Ravinder. "Picha ya serikali inaonyesha mistari tu. Nauliza kama kuna mtu ana picha iliyo wazi. Nyingine yoyote."

Ravinder akawatazama wote kwenye kioo, mmoja mmoja.

"Kwenye taarifa yetu hakuna," alisema Bridget.

Miradie aliinua macho akatazama upande wa jiko. Léocadie aliielewa ile sura kabla haijamfikia. Picha ilikuwepo, na ilikuwa na tarehe. Ilifunguliwa Jumanne, na Miradie alithibitisha Ijumaa. Akiitoa, watajua alijua. Asipoitoa, hakuna mtu duniani atakayejua, na lile lundo litabaki lundo.

Léocadie akatikisa kichwa. Kidogo tu, kushoto na kulia, kama alivyowatikisia wageni wa Jumamosi walipotaka kuongeza neno.

Miradie aliendelea kumtazama kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akageukia kompyuta.

"Ninayo," alisema. "Naiweka sasa."

Ardhi nyekundu ikajaza kioo, na mistari minne ya mawe, na mduara, kila jiwe na mkia wake wa kivuli. Yule bibi alitafuta miwani kifuani, akaivaa, akasogea mpaka paji la uso wake likawa limejaa kisanduku chote. Kidole chake kilionekana kikipita juu ya kioo cha kwake. Alikuwa akihesabu, kwa lugha yake, chini chini. Aliharibu hesabu akarudi mwanzo. Hakuna aliyemharakisha. Ilichukua muda mrefu, na Léocadie alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi muda wote huo.

"Ulikuwa nayo tangu lini?" aliuliza bibi, akirudi nyuma.

"Siku tatu kabla sijathibitisha."

"Siku tatu." Aliliweka neno lile mezani. "Ulitaka kutuambia?"

"Nilitaka."

"Kitu gani kilikuzuia?"

Kutoka penye jiko mpaka kwenye kiti cha Miradie ni hatua mbili. Léocadie alikuwa na miguu. Alikuwa na Kiingereza cha kutosha kusema, ni miye mama yake, miye nilimzuia. Alikuwa amewafundisha watu wangapi kusimama mbele ya ofisa wasitetemeke.

"Niliogopa kubadilisha nilichosema," alisema Miradie. "Ni kosa langu."

Ravinder akafungua faili. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwingia Léocadie kuliko ukali. Alisema kama mtu anayekueleza mlango uko wapi.

"Tuliwaandikia watu arobaini na mmoja. Kumi na wawili walirekebisha taarifa zao. Mmoja alirekebisha mara mbili. Hakuna aliyefanywa kitu, tuliwashukuru. Tunauliza mara ya pili kwa sababu tunajua watu hukosea mara ya kwanza. Ndiyo sababu pekee ya kuuliza." Akaandika kitu. "Lakini kuthibitisha huku ukijua ni jambo jingine. Hilo litakwenda kwa wanasheria."

Yule bibi hakusema tena na Miradie. Aliomba tu wamchapishie ile picha, kubwa kadiri inavyowezekana, na mtu amsaidie kusimama.

Ofisi ilimwachisha Miradie kazi baada ya siku tisa. Na ile fomu ya uraia, ambayo Léocadie aliilinda kama yai, ilibidi Miradie aiandikie nyongeza mwenyewe, kwa sababu sheria inadai mtu aeleze lolote jipya. Akaandika kwamba anachunguzwa kwa kuithibitishia serikali jambo alilojua si kweli. Majibu mpaka leo hayajaja. Kushikilia neno ndiko kulikomwingiza kwenye faili, na wale kumi na wawili waliobadilisha wanaendelea na kazi zao, wanakunywa chai yao.

Mwezi wa nane Miradie alipata chumba Thornton Heath, upande wa pili wa London, kwa msichana mmoja Mkenya jina lake Dinah aliyesoma naye. Hakuondoka kwa ugomvi. Alikunja nguo vizuri, akaacha shuka kitandani, akamwonyesha mama yake jinsi ya kulipia umeme kwa simu. Léocadie alimbebea mfuko mmoja mpaka chini, kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Pale mlangoni alishindwa kuvumilia.

"Ungewaambia ni miye," alisema. "Yule bibi alikuuliza kabisa. Ningekubali. Ungesema tu, mama yangu alinikataza."

Miradie alichukua mfuko kutoka mkononi mwake, akauweka begani, akaukaza mkanda.

"Ungesema mwenyewe, mama," alisema. "Ulikuwa umesimama pale."